Kujizoesha Shida Kabla Shida Haijafika

Kila mkulima wa kahawa ajua ya kuwa mche uliolelewa kitaluni chini ya kivuli hautolewi siku moja ukapandwa shambani penye jua kali. Mche wa namna hiyo majani yake huungua na pengine hufa, hata ukiwa umeota vizuri namna gani. Kwa hiyo, majuma machache kabla ya kuupanda, mwenye kitalu huanza kupunguza kivuli kidogo kidogo, na maji pia huyapunguza, mpaka mche uzoee jua na upepo. Hafanyi hivyo kwa ukatili. Afanya hivyo kwa sababu ajua ya kuwa jua litakuja tu, na heri mche ukutane nalo kwa kipimo kabla ya kukutana nalo bila kipimo.

Jambo hili lililo kweli kwa mche ni kweli kwa binadamu pia. Siku ya ukame, ya ugonjwa, ya kuachishwa kazi au ya msiba haipigi hodi. Humkuta mtu jinsi alivyo. Lakini jinsi alivyo siku hiyo hutegemea sana jinsi alivyojifunza katika siku za raha. Wako watu waliolijaribu jambo hili kwa makusudi, kwanza baharini, kisha mlimani. Na sehemu moja ya habari yao ilitendeka papa hapa Kenya, kwenye mitelemko ya Kilimanjaro.

VIJANA WALIOKUFA MASHUANI

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwezi wa Septemba 1939, Uingereza ilitegemea sana chakula na mafuta yaliyoletwa na merikebu za biashara kupitia Bahari ya Atlantiki. Wajerumani walizivizia merikebu hizo kwa manowari zao zipitazo chini ya maji, wakazizamisha kwa topido. Mabaharia walioponea chupuchupu waliingia katika mashua za kuokolea watu, na humo walikaa siku kadha wa kadha, pengine majuma, katika baridi, njaa na kiu.

Katika mji wa Liverpool palikuwa na kampuni kubwa iliyoitwa Alfred Holt and Company, ambayo merikebu zake zilijulikana kwa jina la Blue Funnel. Mmoja wa wakuu wake, Bwana Lawrence Holt, alihuzunishwa na jambo moja ambalo pia lilimshangaza. Katika mashua zile, vijana wenye nguvu walikuwa wakifa mapema, na mabaharia watu wazima, wengine wenye mvi, walikuwa wakiokoka. Mtu angedhani ingekuwa kinyume chake.

Bwana Holt alionelea ya kuwa wazee wale walikuwa wamejifunza kazi zamani, katika merikebu za matanga. Walikuwa wamepanda milingoti usiku wa dhoruba, wamelowa, wameona njaa, wameogopa, na kuishinda hofu yao mara nyingi. Vijana walikuwa wamefunzwa mitambo, nao waliijua vyema. Lakini hawakupata kujua kiasi cha nguvu iliyomo ndani yao wenyewe. Basi walikata tamaa wakati ambapo miili yao bado ilikuwa na uwezo.

Ili kuona jinsi moyo unavyoweza kuamua uhai wa mtu, yafaa kutazama jambo la kiu peke yake. Baada ya vita, wataalamu wa Uingereza walichunguza habari za watu waliozamishiwa merikebu zao kati ya 1940 na 1944, wakachapisha taarifa yao mwaka wa 1956. Waliona ya kuwa katika mashua ambazo watu walikunywa maji ya bahari, walikufa karibu watu 39 katika kila 100. Katika mashua ambazo hawakuyanywa, walikufa karibu 3 tu katika kila 100. Maji ya bahari yana chumvi nyingi kuliko figo ziwezavyo kuitoa, kwa hiyo anywaye huzidi kukauka. Bila shaka yako mambo mengine yaliyochangia vifo vile, kama vile baridi na urefu wa safari. Walakini hesabu hiyo yaonyesha ya kuwa kule kuweza kungoja, na kuinyima kiu amri yake kwa saa moja zaidi, kulikuwa jambo la uhai na mauti. Na kungoja ni kazi ambayo mtu hawezi kuijua vyema kama hajawahi kuifanya.

MWALIMU ALIYEFUKUZWA KWAO

Bwana Holt aliyapeleka mawazo yake kwa mwalimu mmoja, Kurt Hahn. Mwalimu huyu alizaliwa Berlin mwaka wa 1886 katika jamaa ya Kiyahudi. Alipokuwa kijana alipigwa na jua vibaya, na athari yake ilimsumbua kwa miaka mingi. Kwa hiyo alijua mwenyewe maana ya mwili kumzuia mtu. Mwaka wa 1920 alianzisha shule huko Salem, kusini ya Ujerumani, pamoja na Mwanamfalme Max wa Baden. Mwaka wa 1932 alijitokeza waziwazi kumpinga Hitler, akawataka wanafunzi wa zamani wa shule yake wachague baina ya Hitler na Salem. Hitler alipotwaa madaraka mwaka wa 1933, Hahn alitiwa gerezani. Waziri Mkuu wa Uingereza, Ramsay MacDonald, alikuwa miongoni mwa waliomwombea, akafunguliwa, akahamia Uingereza mwaka ule ule. Mwaka wa 1934 alianzisha shule nyingine, Gordonstoun, katika Uskochi.

Hahn aliamini ya kuwa shule isiyomfundisha mtoto ila kusoma na kuandika imefanya nusu ya kazi. Kijana lazima ajaribiwe na maji, na mlima, na safari ndefu, na tena apewe kazi ya kuwaokoa wengine, ili ajue ya kuwa yeye ni mtu wa kutegemewa. Wakati wa vita shule yake ilihamishiwa Wales, na huko ndiko wazo lake na wazo la Bwana Holt yalikokutana.

Mwezi wa Oktoba 1941 shule yao ya bahari ilifunguliwa katika mji mdogo wa Aberdovey, pwani ya Wales. Iliitwa Outward Bound, maana yake merikebu iliyong'oa nanga na kuiacha bandari ikielekea bahari kuu. Mafunzo yake yalikuwa ya karibu mwezi mmoja tu. Waliofika hawakuwa mabaharia peke yao. Walikuwamo wanafunzi wa shule, vijana wa viwandani, wa polisi na wa zimamoto. Asubuhi walikimbia mbio na kuoga maji baridi. Mchana walijifunza kuendesha mashua za matanga na kuokoa watu. Waliacha tumbako na pombe kwa muda wote wa mafunzo. Mwisho walifanya safari ndefu, ya bahari na ya nchi kavu. Bwana Holt alisema ya kuwa kusudi halikuwa hasa kumfundisha kijana kazi ya bahari, bali kuitumia bahari kumfundisha kijana.

Mmoja wa wakuu wa kwanza wa shule hiyo, Nahodha J. F. Fuller, hakuhitaji kusimuliwa habari za mashua. Merikebu zake zilipigwa na topido mara mbili, na safari moja aliiongoza mashua isiyo na paa katika Atlantiki siku 35 bila kumpoteza mtu hata mmoja.

KUTOKA ABERDOVEY MPAKA LOITOKITOK

Vita vilikwisha mwaka wa 1945, lakini shule haikufungwa, kwa kuwa ilionekana ya kuwa mashua za kuokolea watu ziko za namna nyingi, na si zote zielezo baharini. Mwaka wa 1952 shule ya namna hiyo ilifunguliwa Loitokitok, upande wa Kenya wa Kilimanjaro, karibu na mpaka. Hapo hapakuwa na bahari. Mlima ulichukua mahali pake. Vijana walikimbia alfajiri, wakajifunza kamba, ramani na huduma ya kwanza, wakatembea safari za siku kadhaa wakiwa na mizigo mgongoni. Mwisho wa yote ulikuwa ni kuupanda mlima.

Anayepanda kutoka upande huo huanza katika msitu, kisha hupita penye vichaka na nyasi za juu, kisha hufika mahali pakavu kama jangwa, penye mawe na upepo. Mpaka leo, katika kimo cha mita 4,750 hivi, kipo kibanda kiitwacho School Hut, ambacho zamani kiliitwa Outward Bound Hut kwa ajili ya shule hiyo. Kutoka hapo watu huondoka usiku wa manane, kwa sababu changarawe za mtelemko ule zikiwa zimegandishwa na baridi ni rahisi kukanyagika. Jua likizipata hulegea, na mtu apandaye hatua moja hurudi nusu yake. Ukingo wa shimo la mlima, paitwapo Gillman's Point, uko mita 5,685 juu ya bahari, na kilele chenyewe, Uhuru, ni mita 5,895, yaani futi 19,340 na zaidi. Huko juu hewa ni nyepesi, hata kila pumzi humpa mtu karibu nusu tu ya kile apatacho Mombasa.

Kijana afikapo penye changarawe zile hugundua jambo ambalo hakuna kitabu kiwezacho kumfundisha. Miguu yamwambia hawezi tena. Ajibu kwa kupiga hatua kumi zaidi, kisha apumzika, kisha kumi nyingine. Baada ya saa moja atazama nyuma na kuona ya kuwa mahali aliposema hawezi pako mbali chini yake. Tangu siku hiyo, nafsi yake ikimwambia hawezi, ajua ya kuwa neno hilo si lazima liwe la kweli. Na hata yule arudiye njiani bila kufika juu amejua kipimo chake, na tena amejifunza kumpisha mwenzake na kumsaidia kuteremka.

SABABU YA MAFUNZO HAYA KUFAA

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Donald Meichenbaum, wa Chuo Kikuu cha Waterloo huko Kanada, alitengeneza njia ya kuwasaidia watu wenye mashaka, akaifananisha na chanjo. Kama vile dawa ya chanjo impavyo mtu kiasi kidogo cha kitu cha ugonjwa, mwili ukajifunza kupigana nao, ndivyo shida ndogo iliyopimwa iwezavyo kuifundisha nafsi kupambana na shida kubwa. Njia yake ina hatua tatu. Kwanza mtu huielewa shida yake na jinsi mwili wake unavyoipokea. Pili hujifunza namna ya kuikabili, kama vile kutuliza pumzi na kujisemea maneno ya kumtia nguvu, naye huyafanyia mazoezi. Tatu hujaribiwa kidogo kidogo, kutoka lililo jepesi mpaka lililo zito.

Mwaka wa 1997, John Hattie na wenzake walikusanya uchunguzi 96 juu ya mafunzo ya namna ya Outward Bound. Waliona ya kuwa wengi waliopita katika mafunzo hayo walizidi kujiamini na kujitawala, na kwamba faida hiyo haikutoweka mara tu walipofika nyumbani. Lakini waliona pia ya kuwa mafunzo hayakuwa sawa: yaliyochukua muda mrefu zaidi yalifaa zaidi, na mengine yalifaa kidogo tu. Basi shida peke yake haifundishi. Hufundisha ikiwa imepangwa vyema, ina mwalimu mwenye busara, na mtu apata nafasi ya kufikiri juu ya yale yaliyompata.

SHIDA YA KUCHAGUA NA SHIDA YA KULAZIMISHWA

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Mwaka ule ule wa 1952 shule ya Loitokitok ilipofunguliwa, mwezi wa Oktoba serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari katika Kenya, na watu wengi wakaona taabu vijijini na katika kambi za kizuizini. Hakuna awezaye kusema ya kuwa taabu ile ilikuwa mafunzo. Anayeupanda mlima kwa hiari yake ajua ya kuwa aweza kurudi, ajua siku ya mwisho, na ana watu wanaomwangalia. Anayeteswa hana hata moja katika haya matatu. Baba ampigaye mtoto au kumnyima chakula akidai kwamba amkomaza hafanyi kazi ya Hahn, amjeruhi tu.

Kipimo pia ni lazima katika shida ya hiari. Mlima umewaua watu wenye afya waliopanda kwa haraka. Mpandaji akiumwa na kichwa na kutapika, asizidi kupanda. Akianza kupepesuka, kuchanganyikiwa maneno, au kukosa pumzi hata akiwa amekaa kitako, lazima ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo mgonjwa hafungi bila shauri la daktari, na asiyejua kuogelea hajaribu mto uliofurika. Kujizoesha si kujiangamiza.

NYUMBANI NA KAZINI

Si kila mtu awezaye kwenda Kilimanjaro, wala si lazima. Wazo lenyewe ni la kale. Seneca, Mrumi tajiri aliyeishi karibu miaka 2,000 iliyopita, alimshauri rafiki yake atenge siku chache za kula chakula duni kabisa na kuvaa nguo za hali ya chini, kisha ajiulize kama hilo ndilo alilokuwa akiliogopa. Waislamu wa pwani na wa bara hujinyima chakula na maji tangu alfajiri mpaka magharibi kwa mwezi mzima wa Ramadhani, na kwao hiyo ni ibada kwanza. Lakini kila aliyefunga ajua ya kuwa njaa ya saa tisa ya mchana hupanda, kisha hutulia. Katika makabila mengi ya Afrika ya Mashariki jando lilikuwa na maana ya namna hiyo pia: kijana alipitishwa katika baridi, maumivu na mafundisho pamoja na rika lake, chini ya macho ya wazee, akatoka akiwa mtu mwingine.

Karani mwenye mshahara wa kila mwezi aweza kuchagua mwezi mmoja ambao jamaa yake, kwa kupatana na mkewe, wataishi kwa nusu ya mshahara, na nusu nyingine iwekwe akiba. Mwezi huo utawaonyesha ni vitu gani ambavyo kweli hawawezi kuishi bila hivyo, na ni vingapi ambavyo ni mazoea tu. Siku ofisi itakapopunguza watu, jamaa hiyo haitaanza kujifunza siku hiyo. Zaidi ya hayo, itakuwa na fedha benki.

Mkulima aliyevuna vizuri aweza kufanya juma moja la kujaribu, akila mtama, muhogo na kunde badala ya kununua vya dukani, huku akipima kwa debe ni kiasi gani jamaa yake hula kwa siku. Kwa kipimo hicho atajua ghala yake ina miezi mingapi. Baina ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, mvua zilikosekana kwa misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa za kaskazini na mashariki ya Kenya. Mahali pengi ukame ule ulizidi nguvu za mtu mmoja, hata awe hodari namna gani, na msaada ulihitajiwa. Hata hivyo mwenye kujua kipimo cha ghala yake mapema huweza kuuza mbuzi wawili wangali wanono, kabla bei haijaanguka na kabla hawajabaki ngozi na mifupa.

Vijana nao wanayo njia iliyo wazi. Tangu mwaka wa 1966 Kenya ina mpango wa Tuzo ya Rais, uliotokana na mawazo yale yale ya Hahn. Kijana wa kike au wa kiume mwenye umri wa miaka 14 mpaka 24 huchagua mwenyewe kazi ya kuwatumikia watu, ufundi wa kujifunza, mchezo wa kuujenga mwili, na safari ya miguu pamoja na wenzake. Huanza na Shaba, akaendelea na Fedha, kisha Dhahabu. Hashindani na mtu mwingine. Hushindana na jinsi alivyokuwa jana.

Katika yote haya kanuni ni zile zile. Mtu achague shida iliyo ndogo, yenye mwanzo na mwisho. Aiongeze kidogo kidogo. Asiifanye peke yake penye hatari. Ikiisha, apumzike, aketi na kuyafikiri yaliyompata, pengine ayaandike. Na isiwe kwa ajili ya kujisifu, bali ili siku moja awe na nguvu za kumfaa mwingine. Nahodha Fuller hakukumbukwa kwa sababu yeye mwenyewe aliokoka. Alikumbukwa kwa sababu alishuka mashuani na watu, na baada ya siku 35 watu wote walikuwapo.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mwenye kitalu naye hangoji kiangazi ndipo aanze kuondoa kivuli. Huanza mvua ingali ikinyesha, wakati watu wapitao njiani hawaoni sababu ya kazi yake.